"Jiak ba buay?": Namna maneno ya wazee Wachina yalibakia mu Kiingereza cha Singapore

Mwezi wa 9 mwaka wa 2016, televisheni Channel 8 ya Singapore, yenye inatangaza kwa Kichina, ilianza kuonyesha filme ya vipande yenye ilitayarishwa kwa ajili ya wazee. Serikali ndiyo iliunga mukono kazi hiyo, na muongozaji wake alikuwa Royston Tan. Filme inaonyesha maisha ya kila siku ya watu wazima, na katikati ya hadisi wazee wanaelezwa namna serikali inaweza kuwasaidia kulipa feza za matunzo ya ugonjwa. Jina lake ni salamu. Kwa lugha ya Kihokkien wanasema "Jiak ba buay?" Maana yake: "Umekula ukashiba, ao bado?"

Kwa mutu wa mbali, hiyo ni filme kama zingine. Kwa wazee wa Singapore ilikuwa jambo la kushangaza. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita bila televisheni ya kule kutoa filme mupya ya vipande mu lugha zao. Na mwenye alifunga huo mulango hakukuwa mugeni ao adui. Ilikuwa serikali yenyewe, kuanzia mwezi wa 9 mwaka wa 1979.

Kati ya hizo tarehe mbili, lugha za wazee zilipungua sana mu manyumba. Lakini maneno yake mengine hayakupotea. Yaliingia mu Kiingereza cha barabarani chenye watu wanaita Singlish, na yalikaa zaidi sana fasi mbili: wakati wa kula, na wakati wa kusema watu. Tuangalie maneno hayo yalitoka wapi, yanasema nini, na juu ya nini serikali ililazimika kurudilia lugha yenye iliondoa.

Kisiwa kimoja, lugha mingi

Singapore ni kisiwa kidogo cha Asia, chini ya Malaysia. Kina wakaaji karibu milioni 6. Waingereza walifungua kituo chao cha biashara pale mu mwaka wa 1819, na kisha hapo watu wakaanza kufika kutafuta maisha: Wamalay wa visiwa vya karibu, Wahindi wengi wao wenye kusema Kitamili, na Wachina wengi sana kutoka kusini mwa China. Inchi ilipata kujitegemea mu mwaka wa 1965, na leo ina lugha ine za serikali: Kimalay, Kimandarini, Kitamili na Kiingereza.

Wachina ndio wengi zaidi, karibu watu watatu kati ya kila watu wane. Lakini mutu asifikiri kwamba wote walikuja na lugha moja. Wamoja walitoka Fujian na lugha ya Kihokkien. Wengine walikuja na Kiteochew, wengine Kikantoni, wengine Kihakka, na wengine walitoka ku kisiwa cha Hainan na Kihainani. Mu maandishi Wachina wanaweza kusomana, juu alama za kuandika ni zilezile. Lakini mu kinywa, musemaji wa Kikantoni na musemaji wa Kihokkien hawasikilizane, sawa vile Mushi na Munande hawawezi kusikilizana kama kila mumoja anabakia mu kilugha chake. Kimandarini, Kichina cha kaskazini chenye leo kinafundishwa ku masomo, hakikukuwa lugha ya nyumbani kwa wengi wao.

Watu wa Fujian walikuwa wengi kupita wengine, na Kihokkien kikakuwa lugha ya kuuziana na ya kufanyia kazi kati ya Wachina wa kila namna. Njo maana mu Singlish ya leo maneno mingi ya Kichina ni ya Kihokkien. Kisha, tangu mwaka wa 1967, vijana wanaume wote walianza kupita mu jeshi kwa muda fulani. Wengi wa mwanzo hawakujua Kiingereza, na kulikuwa vikundi vya askari vyenye vilikuwa vinaongozwa kwa Kihokkien. Mutoto wa mwenye feza na mutoto wa muchuuzi walilala mu kambi moja, wakatoka na maneno mamoja.

Kuomba kahawa kwa lugha mbili

Mutu mwenye anataka kusikia mchanganyiko huo aanzie ku "kopitiam". Neno lenyewe limeshonwa na vipande viwili: "kopi" ni kahawa kwa Kimalay, "tiam" ni duka kwa Kihokkien. Watu wa Hainan walifika nyuma ya wengine, wakakuta biashara kubwa imekwisha kukamatwa. Wengi wakakuwa wapishi wa Waingereza, kisha wakafungua fasi za kunywea kahawa. Kahawa yao ni robusta yenye wanakaanga pamoja na sukari na mafuta ya margarini ao siagi, wanaichuja mu mufuko wa kitambaa, inatoka nyeusi na nzito. Mukulima wa Kalehe ao wa Idjwi mwenye amezoea arabika angeionja mara ya kwanza akauliza kama kweli ni kahawa.

Ukisema "kopi" tu, watakuletea yenye maziwa mazito ya sukari, ya mukebe. Ukisema "kopi o", itakuja bila maziwa, na sukari ndani: "o" ni nyeusi kwa Kihokkien. Ukiongeza "kosong", neno la Kimalay la kusema tupu, sukari nayo inatoka. Ukiongeza "peng", wanatia barafu. Hiyo ni Kihokkien tena. "Gau" ni ya nguvu, "po" ni nyepesi. Basi mutu mwenye anasema "kopi o kosong peng" amepita mu lugha mbili kwa maneno mane, bila hata kujua kama amevuka mupaka. Hata mu maofisi, mutu wa diploma kubwa anaomba kahawa kwa maneno hayohayo.

Chai nayo wanaita "teh", na inafuata sheria zilezile. Hapa kuna jambo moja lenye wasomaji wa Kifaransa watafurahia. Waholandi wa zamani walichukua neno "te" mu biashara yao na wasemaji wa lugha ya Fujian, wakalifikisha Ulaya. Kutoka pale Wafaransa wakasema "thé" na Waingereza nao wakachukua neno lao. "Chai" yetu ni ndugu yake kwa njia ingine: inatoka ku "cha" ya Wachina wengine, ikapita kwa Waajemi mbele ya kufika mu Kiswahili. Kwa hiyo, mutu wa Bukavu mwenye anaomba "thé" asubuhi, amekwisha kusema neno moja la Kihokkien kila siku bila kujua.

Wapokeaji wa kopitiam wana pia majina ya kuchekesha. Chai ya kifuko, ile ya kuchovya mu maji ya moto, wanaiita "tiao hu", ni kusema kuvua samaki, juu mukono unapandisha na kushusha kamba sawa mutu mwenye kushika ndoana. Milo wanaiita "tak kiu", ni kusema kupiga mupira, kwa sababu ya picha ya muchezaji yenye ilikuwa ku mukebe. Na maziwa ya soja yenye ndani kuna vipande vyeusi vya jeli wanayaita Michael Jackson, juu ya weusi na weupe ndani ya kikombe kimoja.

Sahani na maneno yake

Chakula kingi cha barabarani cha Singapore kinabeba maneno mafupi ya Kichina cha kusini, na ukishika machache unaweza kusoma kibao cha muuzaji. "Char" ni kukaanga. "Mee" ni makaroni membamba ya Wachina. "Kway teow" ni makaroni ya bapa ya unga wa muchele. Basi "char kway teow" inajieleza yenyewe. "Hae" ni kamba wa bahari. "Bak" ni nyama, na zaidi sana ya nguruwe. "Bak kut teh" ukiitafsiri neno kwa neno ni nyama, mufupa, chai. Mugeni anafikiri wanapika mbavu ndani ya chai. Hapana: ni supu ya mbavu za nguruwe na kitunguu saumu na pilipili manga, na chai ya moto inanywewa pembeni kusudi mafuta yashuke.

Kuna moja yenye inawapoteza wageni zaidi. "Chai tow kway" ni keki ya unga wa muchele na radi nyeupe, wanaikata vipande, wanaikaanga na mayai. Kwa Kihokkien na Kiteochew, radi nyeupe inaitwa "chai tow", na karoti inaitwa "chai tow" nyekundu. Mwenye alitafsiri mu Kiingereza akachukua karoti, na jina likabakia "keki ya karoti". Mugeni anaiomba akingojea kitu cha sukari na rangi ya machungwa. Analetewa sahani yenye harufu ya kitunguu saumu, na karoti haiko ndani hata kidogo.

Chakula kikiungua wanasema "chao ta", harufu ya kuungua. Neno hilohilo wanalisema juu ya mutu mwenye jua limemuchoma. Kikiwa kitamu wanasema "ho jiak", kizuri kula. Kama unataka kukibeba nyumbani, unasema "tapau", neno la Kikantoni lenye maana ya kufunga mufuko. Lakini si kila neno la kinywa ni la Kichina. "Makan", kula, ni Kimalay, na "shiok", lile la kusema tamu mupaka mwili unasikia vizuri, lilipita mu Kimalay pia. Yote yanakaa ku meza moja.

Wauzaji wenyewe zamani walikuwa barabarani, sawa wamama wenye wanauza sambaza na mikate ku barabara za hapa kwetu. Kati ya mwaka wa 1971 na 1986, serikali ilijenga masoko ya chakula yenye paa, maji na vyoo, ikawahamisha humo. Muteja hamuiti muuzaji kwa jina lake. Anamuita shangazi ao mujomba, kwa maneno ya Kiingereza, ijapokuwa si ndugu yake, sawa vile hapa mutu anamuita muuzaji "mama" ao "yaya". Mu mwezi wa 12 mwaka wa 2020, UNESCO iliandika desturi hiyo ya masoko ya chakula ku liste ya urisi wa wanadamu, ile yenye iliandika rumba ya Congo mwaka wenye ulifuata.

Kumusema mutu kwa neno moja

Sehemu ya pili ya maneno ni ya kupima watu. Lenye kujulikana zaidi ni "kiasu". "Kia" ni kuogopa, "su" ni kushindwa ao kukosa. Kiasu ni mutu mwenye anaogopa kwamba wengine watapata na yeye atakosa. Anajaza sahani yake mara tatu kwenye arusi juu pengine chakula kitaisha. Anaona mulolongo wa watu, anaingia ndani mbele ya kuuliza wanauza nini. Anatuma mutoto ku masomo ya nyongeza juu wa jirani anasoma pia. Mu mwaka wa 1990 kulitoka kitabu cha picha za kuchekesha chenye muntu wake mukubwa anaitwa Mr Kiasu, na watu wakajicheka wenyewe. Mu mwaka wa 2007 neno hilo liliingia mu kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford.

Ndugu yake ni "kiasi": anaogopa kufa. Ni mutu mwenye hathubutu kitu. Kisha kuna "kaypoh", neno lenye wanaandika na alama za kuku na mwanamuke muzee. Ni yule mwenye anachungulia ndani ya sufuria ya jirani na kuuliza juu ya nini leo hamukupika nyama. "Towkay", mukubwa wa nyumba kwa maana ya mwanzo, ni patron, mwenye duka. "Siao" ni mwenye kichaa. Kati ya marafiki ni muchezo, lakini ukimwambia mutu mwenye haujui ni tusi. "Paiseh" ni kusikia haya. Wakati watu wanakula sahani moja, kipande cha mwisho chenye kila mutu anaogopa kukamata wanakiita kipande cha paiseh. Na rafiki yako akienda kula vizuri bila kukuambia, unamwambia "bo jio": hukunialika.

Wazungu wanaitwa "ang moh", nywele nyekundu. Sisi tulisema "muzungu" kwa kuangalia miguu yake, mutu wa kuzungukazunguka. Wachina wa Fujian waliangalia kichwa. Mwaka wa 2016 kamusi ya Oxford iliandika hilo neno pia, pamoja na maneno mengine ya Singapore.

Mara zingine chakula na mutu vinakutana. Muvivu, mwenye hana faida, wanamuita "jiak liao bee": anakula anamaliza muchele bure. Mwenye kutoroka kazi wanasema "anakula nyoka". Na kuna "jiak kantang", mula viazi. "Jiak" ni kula kwa Kihokkien, "kantang" ni kiazi kwa Kimalay. Ni Muasia mwenye anajifanya Muzungu, anasema Kiingereza cha pua na hajui tena lugha ya wazazi. Viazi ni chakula cha Wazungu, muchele ni cha nyumbani. Neno moja linatosha.

Ku upande mwengine kuna "Ah Beng". "Ah" wanaitia mbele ya jina la mutu wa karibu, na Beng ni jina la mutoto mwanaume lenye wazazi Wahokkien walipenda sana. Leo maana yake ni kijana wa makelele, nywele za rangi, masomo kidogo, Kiingereza cha kuvunjika. Dada yake ni "Ah Lian". Maneno hayo mawili yanaonyesha kidonda cha inchi. Mwenye alisoma sana Kiingereza, anachekwa kuwa mula viazi. Mwenye alibakia na lugha ya nyumbani, anachekwa kwa jina lenye baba yake alimupatia kwa heshima. Na wote wawili wanachekwa kwa Kihokkien.

Mwaka wa 1979

Tarehe 7 mwezi wa 9 mwaka wa 1979, Waziri wa Kwanza Lee Kuan Yew alifungua kampeni ya kusema Kimandarini. Ujumbe wake ulikuwa wazi: Kimandarini zaidi, lugha zingine za Kichina kidogo. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunza Kihokkien mwanzo wa miaka ya 1960 kusudi aweze kusema na watu wakati wa siasa, na alijua nguvu yake. Sasa akaacha kutoa hotuba mu Kihokkien, kusudi akuwe mufano.

Sababu zake zilieleweka. Mutoto alikuwa anasoma Kiingereza na Kimandarini ku masomo, kisha anarudi nyumbani ku lugha ya tatu. Serikali iliona ni muzigo mukubwa, na wengi walikuwa wanaanguka ku masomo. Pia, Wachina wenye kugawanyika mu lugha tano ao sita walikuwa ngumu kuunganisha, na China ilikuwa inaanza kufungua biashara. Mu mwaka wa 1987, Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia mu masomo yote. Watoto wa Wachina walifundishwa Kimandarini na kuambiwa ndiyo lugha yao ya mama, hata kama mama yao hakuwa anakisema.

Redio ndiyo ilisikia uchungu kwanza. Tangu mwaka wa 1949 kulikuwa redio ya waya yenye iliitwa Rediffusion, na watu wengi wenye hawakujua kusoma walikuwa wanaketi pembeni ya sanduku lake kusikiliza wasimulizi: Lee Dai Sor kwa Kikantoni, Ong Toh kwa Kihokkien. Mwanzo wa miaka ya 1980, emisyo hizo zilikoma. Filme za Hong Kong za Kikantoni zilitiwa sauti za Kimandarini. Kwa wazee kulibakia habari fupi-fupi tu ku redio.

Kwa kuhesabu, kampeni ilifaulu. Hesabu ya watu ya mwaka wa 2010 ilionyesha kwamba asilimia 14.3 ya wakaaji wenye miaka 5 na zaidi walikuwa wanatumia zaidi lugha hizo za Kichina nyumbani. Mu mwaka wa 2020 ilikuwa imeshuka mupaka asilimia 8.7. Mu miaka hiyohiyo kumi, Kiingereza kilipanda kutoka 32.3 mupaka 48.3. Kimandarini kilisukuma Kihokkien, kisha Kiingereza nacho kikaanza kusukuma Kimandarini.

Singlish nayo inaambiwa itoke

Maneno ya wazee yakakimbilia mu Singlish, lakini na kule hayakukuta amani. Mwaka wa 1997 televisheni ilianza kuonyesha filme ya kuchekesha ya fundi mujenzi Phua Chu Kang, mwenye buti za manjano na Singlish ya nguvu. Inchi nzima ilimupenda. Mwaka wa 1999, mu hotuba kubwa ya mwaka, Waziri wa Kwanza Goh Chok Tong alisema kwamba Phua Chu Kang anapaswa kwenda kujifunza Kiingereza kizuri, juu watoto wanamuiga. Mwaka wenye ulifuata, serikali ilifungua kampeni ya Kiingereza kizuri. Hofu yake ilikuwa hii: inchi ndogo inaishi kwa biashara na dunia, na kama dunia haisikie maneno ya watu wake, kazi itaenda fasi ingine.

Wengine walijibu kwamba mutu anaweza kushika vyote viwili: Kiingereza cha ofisi ku ofisi, na Singlish ku meza ya kula. Mu mwaka wa 2016 muandishi wa mashairi Gwee Li Sui aliandika mu gazeti The New York Times kutetea Singlish, na ofisi ya Waziri wa Kwanza ilituma barua ya kujibu. Wakati uleule wanasiasa wenyewe, uchaguzi ukikaribia, walikuwa wanapanda jukwaani na kusema kidogo Kihokkien ao Kiteochew. Low Thia Khiang wa upinzani alijulikana sana kwa hotuba zake za Kiteochew ku Hougang.

Na magonjwa ndiyo yalionyesha ukweli zaidi. Mwaka wa 2003, wakati wa SARS, Phua Chu Kang aliimba ku televisheni kueleza namna ya kujikinga. Mwaka wa 2021, wakati wa Covid-19, serikali ilimuita tena, ikatoa video ya wimbo wa kuomba watu wapate chanjo, na ndani yake mulikuwa maneno ya Singlish yenye maana ya kutulia bila woga. Yule mwenye aliambiwa arudi ku masomo, ndiye alitumwa kusema na watu wakati jambo lilikuwa la uzima na kifo. Na filme ya 2016, "Jiak ba buay?", iko ku njia hiyohiyo: muzee hawezi kuomba musaada wenye hakusikia maelezo yake.

Watu wa Beni na Butembo hawahitaji kuelezwa sana jambo hilo. Wakati wa Ebola, kati ya mwaka wa 2018 na 2020, maelezo ya Kifaransa ao ya Kiswahili cha vitabu hayakutosha. Ilipaswa kueleza ugonjwa kwa Kinande na kwa Kiswahili chenye watu wanasema nyumbani kwao.

Maneno mazuri, lakini si lugha

Kuna watu wa Singapore wenye wanasema hakuna haja ya kuhuzunika, juu Kihokkien kinaishi mu Singlish. Ni kweli, kijana wa leo anajua "kiasu", "kaypoh", "tapau" na "paiseh". Anaweza kuomba kahawa ya namna kumi. Lakini umupeleke mbele ya tate yake mwanamuke mwenye miaka 85, mwenye hajui Kiingereza na anajua Kimandarini kidogo. Atamusalimia, atamuuliza kama amekula. Tate atajibu kwamba amekula. Kisha akianza kueleza namna maumivu yanatembea kutoka mugongo mupaka ku muguu, ao namna alifika ku kisiwa akiwa mutoto, kijana hana tena maneno. Mambo ya sahani na ya kucheka watu amerizi. Mambo ya ugonjwa, ya huzuni na ya hadisi ya jamaa hayakumufikia.

Maneno ya kula na ya kutaniana ndiyo yanabakia nyuma, juu hayaombe kufundishwa. Yanaingia na njaa na kicheko. Lugha yenyewe inahitaji mutu wa kuzungumuza naye kila siku, ndani ya nyumba, mambo marefu. Serikali haiwezi kuirudisha kwa filme moja, na kamusi ya Oxford haiwezi kuilinda kwa kuandika neno moja.

Hapa mashariki, watoto wengi wa Goma na Bukavu wanajua bado sombe, bugali na kasiksi, na wanajua namna ya kumucheka mutu kwa kilugha cha wazazi. Swali lenye wakaaji wa Singapore wanajiuliza leo, nyuma ya miaka zaidi ya 40, linaweza kuulizwa ku kila nyumba jioni ya leo: tate akianza kueleza kwenye anaumwa, kwa lugha yake, ni mutoto gani ndani ya nyumba anaweza kumusikiliza mupaka mwisho?